Ile filamu ya Herzog kuhusu Chatwin, ni ya marehemu au ya Herzog mwenyewe?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimeangalia Nomad, ile dokumentari ya Werner Herzog, mtengenezaji filamu Mjerumani, kuhusu rafiki yake Bruce Chatwin, yule mwandishi wa safari. Nilikaa nikitegemea nitamjua Chatwin, nimetoka namjua Herzog na begi la ngozi. Chatwin mwenyewe anaonekana kidogo sana. Halafu nikasoma huku na kule nakuta watu wanasema alikuwa anatunga vitu kwenye vitabu vyake. Sasa hii ni heshima kwa marehemu kweli, au mtu kajitengenezea filamu yake kwa jina la rafiki? Na nikitaka kumsoma nianze wapi?

JIBU: Marahaba. Kwa kifupi ni filamu ya wote wawili, na Herzog hajaribu hata kidogo kukuficha hilo. Mi hapo sioni tatizo. Tatizo lipo ila liko sehemu nyingine, nitafika.

Kwanza angalia jamaa alikuwa na nini mkononi. Chatwin kazaliwa Mei 1940 Sheffield, Uingereza, kafariki Januari 1989 Nice, Ufaransa, hata miaka 49 hajafikisha. Filamu imetoka 2019, imetengenezwa kwa ajili ya BBC, yaani miaka 30 baada ya msiba. Na marehemu ni mwandishi, mtu ambaye kazi yake anaifanya peke yake na kalamu, hakuna kamera iliyomfuata Patagonia, kule kusini kabisa mwa Amerika Kusini, alipoenda mwishoni mwa 1974. Zipo picha, ipo sauti yake akisoma, vipo vitabu, zipo daftari zake pale maktaba ya Bodleian, Oxford, yupo mjane wake Elizabeth, yupo Nicholas Shakespeare aliyeandika wasifu wake mnene uliotoka 1999. Basi. Ukimpa mzigo huo mtengenezaji wa kawaida najua atakachokuletea, kwa sababu nimeziona nyingi mno na nyingine nimezisahau nikiwa bado naziangalia: watu kumi na tano kwenye viti mbele ya rafu za vitabu, kila mmoja anasema marehemu alikuwa mcheshi, alikuwa na macho ya bluu, alijua kuongea, katikati picha za zamani zinasogea taratibu na piano inalia kwa nyuma. Kiukweli ukimaliza unachokumbuka ni viti.

Herzog yeye kaenda kusimama pale rafiki yake aliposimama, miaka mingi baadaye, kuangalia kimebaki nini. Ndo maana filamu inaanza na ngozi. Kama hujasoma kitabu chake cha In Patagonia, pale mwanzo utakuwa umepotea kidogo, ngoja nikueleze. Bibi yake Chatwin alikuwa na kabati la vioo, na ndani yake kipande cha ngozi nene chenye manyoya mekundu mekundu, na mtoto akaambiwa hiyo ni ngozi ya brontosauri, yule mnyama mkubwa wa kale. Ilitoka kwa binamu wa bibi, Charles Milward, nahodha wa meli aliyeishia kukaa Punta Arenas kule chini kabisa mwa Chile. Mtoto akakua na ndoto ya ile ngozi, bibi akafa, ngozi ikatupwa. Baadaye anakuja kujua kwamba haikuwa brontosauri hata kidogo, ilikuwa ya milodoni, mnyama mkubwa wa kundi la wale wavivu wa mitini, waliotoweka miaka elfu kumi hivi iliyopita, na ilitoka kwenye pango karibu na Puerto Natales ambako mlowezi mmoja Mjerumani, Hermann Eberhard, alikuta ngozi kama hiyo mwaka 1895, imehifadhika na ubaridi na ukavu mpaka watu wakadhani mnyama kachunwa juzi.

Herzog anaenda kwenye lile pango. Na pale mlangoni kuna sanamu ya milodoni, kasimama kwa miguu ya nyuma, ukubwa wa mnyama mwenyewe, watalii wanakuja wanasimama chini ya tumbo lake wanapiga picha wanaondoka. Hebu fikiria, kitu kilichomtoa mtu mzima kazini kikampeleka mwisho wa dunia leo ni sehemu ya selfi. Herzog hapigi kelele kuhusu hilo, anaacha kamera iangalie. Mi hapo tayari nilishamjua Chatwin zaidi ya ambavyo rafiki kumi na tano kwenye viti wangeniambia, kwa sababu maisha yake yote ya uandishi yako mle: kitu kidogo cha kushikika, hadithi kubwa ya uongo inayokizunguka, halafu safari ndefu ya kwenda kutafuta ukweli ambao nao ukifika unakuta ni wa ajabu kuliko ule uongo. Kumbuka pia huyu jamaa alianzia Sotheby's, kwenye mnada wa sanaa, akiwa kijana mdogo kabisa, kazi yake ilikuwa kuangalia kitu na kusema ni cha kweli au cha bandia, kilitoka wapi, kilipita mikono ya nani. Baadaye akaacha, akaenda Edinburgh kusoma akiolojia, nako akaacha. Lakini lile jicho la mnadani hakuliacha popote alipoenda.

Sasa swali lako la Herzog kujiweka mbele. Hawa watu walikutana Australia mwanzoni mwa miaka ya 1980, Herzog yuko kule kwa ajili ya filamu yake ya Where the Green Ants Dream iliyotoka 1984, Chatwin yuko kule anakusanya mambo ya kitabu kilichokuja kuwa The Songlines. Herzog anasimulia kwamba waliongea karibu siku mbili mfululizo wakipokezana hadithi. Na kilichowaunganisha kilikuwa kutembea. Kutembea kwa miguu namaanisha, siyo kutalii. Mwaka 1974 Herzog alisikia Lotte Eisner, mwanahistoria wa filamu aliyekuwa kama mlezi wa kizazi chao, anaumwa sana Paris, akaamua atatoka Munich kwa miguu mpaka Paris, majira ya baridi, akiwa na imani kwamba akifika kwa miguu mama yule hatakufa. Akafika baada ya kama wiki tatu, na Lotte Eisner akaishi mpaka 1983. Kuhusu safari hiyo aliandika kijitabu, Of Walking in Ice, na Chatwin alikuwa anatembea nacho begini. Kwa hiyo unaona, ukitengeneza filamu kuhusu urafiki wa aina hii huwezi kumtoa mmoja ukabaki na mwingine, hakutakuwa na kitu cha kushuti. Kama Herzog angejificha nyuma ya kamera akajifanya mtafiti asiyehusika, hapo ndo angekuwa anakudanganya.

Na yeye hii si mara ya kwanza. Mwaka 1999 alitengeneza My Best Fiend kuhusu Klaus Kinski, mwigizaji waliyefanya naye filamu tano huku wakitishiana kuuana. Ile ni filamu ya mtu anayepigana na maiti, ina kelele, ina visasi, inachekesha mpaka unaona aibu. Nomad ni kinyume chake, ya pole, na kwa mtazamo wangu ndo yenye hatari zaidi, maana adui unamchambua vizuri, rafiki unampitisha.

Twende kwenye begi maana umelitaja kama vile ni mzaha. Lile begi la mgongoni la ngozi Chatwin alishonesha kwa fundi wa matandiko ya farasi, akazunguka nalo dunia. Siku zake za mwisho, kabaki mifupa na macho, alimuomba Herzog amletee filamu yake mpya kuhusu Wawodaabe, wale wafugaji wa kuhamahama wa ukanda wa Saheli ambao wanaume wao wanajipamba na kucheza wanawake wachague mzuri. Anaonyeshwa vipande vya dakika kama kumi, anapotea, anazinduka, anataka kingine. Jua kwamba mambo ya watu wa kuhamahama ndo yalikuwa ugonjwa wake toka ujana, aliwahi kusaini mkataba wa kuandika kitabu kizima kuhusu hilo mwishoni mwa miaka ya 1960, kikamshinda, hakikuchapishwa. Sasa yuko kitandani hawezi hata kusimama, anaangalia watu wanaohama. Ndipo akamwambia Herzog begi uchukue wewe, wewe ndo utalibeba.

Herzog akalibeba kweli, hakulitundika ukutani. Akiwa Patagonia anashuti Scream of Stone, iliyotoka 1991, kwenye mlima wa Cerro Torre, dhoruba ikawakamata juu kule yeye na wenzake wawili, hawana hema, wakachimba shimo kwenye theluji wakakaa humo zaidi ya siku mbili, na begi ndo lilikuwa kiti chake kwenye ile barafu. Akilishika mbele ya kamera miaka hiyo yote baadaye analiongelea kama kifaa. Hapo ndo nasema hii ni heshima kwa marehemu, tena ya hali ya juu, kwa sababu kulia mbele ya kamera ni rahisi, wahariri tunajua, kilio ndo kitu cha kwanza unachokiweka kwenye trela. Herzog kaacha kilio kaweka matumizi.

Kuna na Ghana. Chatwin aliandika The Viceroy of Ouidah, 1980, kuhusu Mbrazili mfanyabiashara ya watumwa kwenye pwani ya Dahomey, Benin ya leo. Mtu wa kweli aliyeko nyuma ya hadithi ni Francisco Félix de Souza. Herzog akaigeuza kuwa Cobra Verde, ikatoka 1987, Kinski ndo nyota, sehemu kubwa imeshutiwa Ghana, na mamia ya wanawake wakicheza jeshi la wanawake la mfalme. Chatwin alikuwa ameshaanza kuumwa vibaya, Herzog akamualika eneo la kushutia, Chatwin akasema labda atahitaji kiti cha magurudumu, Herzog akamjibu kwamba njia za huko haziendi kiti cha magurudumu, atampa watu wanne wa kumbeba kwenye machela na mmoja wa kumshikia mwavuli. Nani angekataa! Akaenda, akaandika makala nzuri sana kuhusu kichaa kile chote. Yaani hata akiwa anakufa alipewa safari, badala ya pole.

Sawa, sasa tuje kwenye uongo.

Ndiyo, Chatwin alikuwa anatunga. Hilo halina ubishi tena, Shakespeare kwenye wasifu wake alipita nyumba kwa nyumba Patagonia, akakuta watu waliokasirika, wametajwa au kuchorwa vibaya, mazungumzo yaliyobanwa au kupindishwa, mambo ya siri ya familia yamewekwa hadharani. Shakespeare mwenyewe anamtetea kwa msemo kwamba Chatwin hakusema nusu ya ukweli, alisema ukweli na nusu. Msemo mtamu, lakini ukiwa wewe ndo yule mwanakijiji uliyempikia chai halafu unakutana na sura yako kwenye kitabu kinachouzwa dunia nzima, ile nusu ya ziada ndo inayokuuma.

Na Herzog hapo si hakimu, ni mshitakiwa mwenzake. Mwaka 1999 kule Minneapolis alitoa tamko lake maarufu akiwaponda wanaodhani ukweli ni kurekodi tu kilicho mbele ya kamera, akauita ukweli wa wahasibu, akasema kuna ukweli wa ndani zaidi unaofikiwa kwa kubuni na kupanga. Na anatenda anachosema: Lessons of Darkness ya 1992 inaanza na nukuu ya mwanafalsafa Pascal ambayo Pascal hakuwahi kuiandika, kaitunga Herzog mwenyewe na amekiri akicheka. Sasa mtu wa namna hiyo unamtegemea amkalishe rafiki yake chini amuulize mbona ulidanganya? Hawezi, imani yao ni moja.

Mi nisingemlaumu kwa hilo kama uongo wote ungekuwa wa uzito mmoja, ila si wa uzito mmoja. Angalia Ouidah: Chatwin alikuwa anataka kuandika wasifu wa kweli wa de Souza, akaenda Benin, Januari 1977 mamluki wakavamia Cotonou wakitaka kupindua serikali, Chatwin naye akakamatwa kwenye ile sokomoko, utafiti ukakatika, akarudi akaandika riwaya na ikauzwa kama riwaya. Safi kabisa, hakuna wa kumdai. In Patagonia nayo ina dhambi zake lakini ni dhambi za msimuliaji. Australia ndo kwenye shida.

The Songlines, 1987, ndo kitabu kilichomfanya tajiri. Kinaongelea njia za nyimbo za wenyeji wa asili wa Australia, imani kwamba mababu waliumba nchi kwa kutembea huku wakiiimba, kila kilima na kisima kina ubeti wake, na anayeujua wimbo anaijua njia. Chatwin alikaa kule wiki chache tu ukijumlisha safari zake. Msingi mkubwa aliutoa kwa Theodor Strehlow, mtoto wa mmisionari wa Kilutheri aliyekulia Hermannsburg, kituo cha misheni katikati ya Australia, anaongea Kiaranda, lugha ya wenyeji wa pale, kama wenyewe, akakusanya nyimbo maisha yake yote na kuzichapisha 1971 kwenye Songs of Central Australia. Sasa nyingi kati ya hizo hazikuwa za kila mtu kuzisikia, zina wenyewe, zina rika na jinsia zinazoruhusiwa, na wazee walimpa Strehlow wakiamini atazitunza. Mwaka 1978 picha za sherehe za siri alizouza zikatokea kwenye jarida la Stern la Ujerumani, ikawa aibu kubwa, na mwaka huo huo akafa. Kwa hiyo kitabu cha Chatwin kimesimama juu ya mali yenye mgogoro, na yeye kakipamba juu yake.

Filamu inafika Alice Springs, mji wa katikati ya Australia, inaligusa hili, wenye nyimbo wanapewa nafasi ya kuongea na ni sehemu nzuri. Ila kwa maoni yangu linaguswa na kuachwa. Nilikuwa nasubiri Herzog awaulize swali moja tu, rafiki yangu alichukua nini kwenu na mnataka kifanyike nini, halafu anyamaze, yeye ambaye ni bingwa wa kunyamaza kamera ikiendelea kuwaka. Badala yake uzuri wa lile wazo la nchi inayoimbwa unamchukua kama ulivyomchukua Chatwin, na muziki wa Ernst Reijseger unaingia, sauti za koo zile nzito, tunaelea. Hiyo ndo kasoro niliyokuambia. Kujiweka mbele kwake kungefaa sana hapo hapo, kwa sababu yeye pia, kwenye Where the Green Ants Dream, kachukua hadithi kwa watu hao hao miaka ile ile, na alikuwa na haki ya kuuliza kwa niaba ya wote wawili. Ajabu ni kwamba hapo ndipo kajificha.

Kuhusu ugonjwa, kwa sababu najua utaniuliza. Chatwin alikuwa na UKIMWI, akagundulika 1986, na alikuwa anawaambia watu kaambukizwa fangasi adimu wa mifupa kutoka China, mara popo, mara mayai ya kale, kila mtu na toleo lake. Kumbe fangasi walikuwepo kweli, ni aina inayojulikana sana sasa Kusini-mashariki mwa Asia kwa wagonjwa wa UKIMWI, na yeye alikuwa kati ya wagonjwa wa mwanzo kutambuliwa hivyo. Alichoficha ni jina la ugonjwa uliofungua mlango. Wengine walimshutumu kwamba mtu maarufu kama yeye angesema wazi angesaidia wengi, na shutuma hiyo ina uzito, ila miaka ile hali ilikuwa ya kutisha na wazazi wake walikuwa hai hawajui kwamba alikuwa anapenda na wanaume. Filamu inamuacha Elizabeth aongee, mke wa toka 1965, anaongea bila kujitetea wala kumtetea. Herzog hamsukumi, na hapo amefanya sawa.

Kusoma, anza na In Patagonia, ya 1977. Ina vipande vidogo vidogo 97, vingine ukurasa mmoja, usitafute mtiririko, kisome kama mtu anayepitishwa kwenye chumba cha vitu vya mnada. Kifuatie On the Black Hill, 1982, riwaya kuhusu mapacha wawili wakulima mpakani mwa Wales na Uingereza ambao maisha yao yote hawaendi popote, na ukishaona mtu wa kuhamahama anavyowapenda watu waliokaa utaelewa kwa nini Herzog alipeleka kamera kwenye vile vilima. Halafu Viceroy na Cobra Verde usiku mmoja, kitabu ni chembamba. Utz, riwaya yake ya Praha, iache mwisho wa riwaya, nzuri lakini haina haraka. Na The Songlines isome baada ya zote, katikati kuna kurasa nyingi za madaftari yake yamemwagwa kama yalivyo, hizo ndo zenye thamani, ila yale mazungumzo ya jangwani yachukulie kama riwaya hata kama duka limeyaweka kwenye rafu ya safari.